Msiisingizie Kompyuta

Kwa miaka yote niliyofundisha hesabu Kibondo nilikuwa nawaambia watoto kwamba kuuliza si ujinga. Leo naomba nirudishiwe maneno yangu. Kijana mmoja wa chuo, ambaye hata shikamoo hakutanguliza, ameniandikia kwenye simu: "Bibi, natamani kuwa mtengenezaji wa gemu, ila nasikia kazi hiyo inampotezea mtu marafiki, anakosa mke, anashindwa kuishi na watu. Ni kweli?" Nikavua miwani, nikaifuta kwa kanga, nikaivaa tena. Swali lilikuwa bado lipo.

Najua ninyi vijana mlikolitoa. Mmemsikia Nehemia redioni. Siku hizi yuko mjini, anaalikwa kuzungumza na vijana, na kila akipewa kipaza sauti anasema gemu zilimnyima mke. Sauti yake inashuka, mtangazaji anaguna kwa huruma, na ninyi huku mnatikisa vichwa. Mimi nilikuwepo. Meza yake ilitazamana na meza yangu. Mke alimkosa kweli, hapo hajadanganya, na alikuwa binti ambaye ningekuwa na mtoto wa kiume asiyeoa ningekwenda kumposea mwenyewe. Lakini gemu haikuhusika. Na kwa kuwa gemu haina mdomo wa kujitetea, nitaitetea mimi.

Kaeni basi, na hizo hedifoni mzitoe masikioni. Habari ya hedifoni ninayo, tutaifikia.

Kazi hii ya gemu niliianza nikiwa tayari na mjukuu. Kifua kilikuwa kimekataa vumbi la chaki, nikastaafu mapema, nikajikuta nyumbani Kibondo na kompyuta ya mezani niliyoipata kwa shirika moja lililokuwa linafunga ofisi, pamoja na kitabu kinene cha kuandika programu za simu ambacho hakuna aliyekitaka. Watu walidhani nimechanganyikiwa. Mwalimu mzima, anakaa ndani anaongea na mashine! Wenye akili ya namna hiyo walikuwepo hata wakati ule, msijione mmegundua jambo.

Gemu yangu ya kwanza ilikuwa ya kujumlisha na kutoa. Niliiona nzuri mno. Nikaipeleka kwa Mzee Shabani, aliyekuwa na duka la simu karibu na soko. Kwao ni Tanga, alikuja Kibondo ujana wake kuuza vitenge, akaoa, hakurudi tena. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi, na mtu akishakuwekea nyimbo anaweza pia kukuwekea gemu. Akaiweka kwenye simu moja ya batani, akampa mama mmoja aliyekuja kununua vocha.

Nami nikaanza: "Sasa hapo unabonyeza mbili, halafu ukitaka kujibu..."

"Hebu nyamaza, Mwalimu," akasema Mzee Shabani. "Akifika kwake jikoni, nawe utakuwapo ukimwelekeza?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Yule mama akabonyeza, akabonyeza, akaigeuza simu kutazama mgongoni, akairudisha kwa heshima zote. "Asante, nzuri sana," akasema, akaondoka. Nikafurahi. Mzee Shabani akacheka mpaka kofia ikamteleza.

"Umemtazama usoni," akaniambia. "Mtazame kidole gumba. Uso una adabu, kidole hakina. Kidole chake kilipotea tangu mwanzo."

Hilo ndilo somo kubwa kuliko yote yaliyokuwa kwenye kile kitabu kinene, na nililipata nimesimama dukani kati ya watu wanaonunua sabuni na vocha. Tangu hapo sikuwahi kumaliza gemu bila kuketi na wanaoicheza: wauza dagaa, waendesha pikipiki, watoto waliotumwa chumvi wakasahau walichotumwa. Kwa watu hao ndipo nilipojua kwamba batani ya tano ndiyo hufa mapema kwenye simu za batani, kwa hiyo jambo kubwa usiliweke hapo. Kwao nilijua kwamba gemu lazima ikubali kukatwa na simu inayoingia na irudi ilipokuwa, la sivyo mtu akipigiwa na shemeji yake anapoteza kila kitu, na lawama utazipata wewe, si shemeji. Nitajieni kazi nyingine inayomlazimisha mtu akae na watu namna hiyo. Anayewaambia gemu hutengenezwa na mtu aliyejifungia chumbani, mwombeni awaonyeshe gemu yake, kisha mtafuteni anayeicheza.

Mwaka 2012 nikahamia Kasulu. Mji ulikuwa na watu wengi zaidi na umeme wenye nafuu kidogo, ingawa jioni ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga. Nikapanga chumba kimoja barabarani, chenye baraza. Barazani alikuwepo fundi cherehani, binti mmoja wa Munanila anaitwa Odetha. Wazee wake walikimbia kutoka Burundi zamani, wakapewa uraia, wakalima. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na baba yake mdogo, Mzee Zakaria. Cherehani yake ilitazamana na mlango wetu, kiasi kwamba akiinua macho kutoka kwenye mshono anatuona sisi, na sisi tukiinua macho kutoka kwenye kompyuta tunamwona yeye.

Nikawachukua vijana wawili, Nehemia na Elisha. Wote walikuwa wazuri wa kazi. Nehemia alikuwa na kipaji, nasema wazi. Elisha alikuwa na subira. Kwa mistari ya programu iliyoandikwa, wala hakuna aliyemzidi mwenzake. Walifanya kazi chumba kimoja, mchana wakala ugali na maharage ya sufuria moja, wakaingia na kutoka saa ile ile. Lishikeni hilo.

Gemu iliyotupa jina ilikuwa ya lori la ndizi. Unaendesha lori kutoka Kasulu kwenda Kibondo wakati wa masika, barabara ni tope, ukikanyaga mafuta unazama, ukilegea unarudi nyuma. Kila mtu huku alishawahi kukwama kwenye barabara hiyo, kwa hiyo kila mtu alitaka kuicheza, alipize kisasi. Tope aliliandika Nehemia. Alilifanya vizuri hadi dereva mmoja alikataa kucheza, akasema amepumzika juma zima na hataki kukumbushwa. Elisha aliandika soko, mizigo na abiria wanaosimamisha lori.

Nehemia akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Akawaweka watu kando ya barabara, wazee, watoto, wenye baiskeli, na lori likipita wote wanapunga mkono. Kati yao alikuwepo mwanamke mmoja mwenye kitenge cha njano, amesimama kwenye kona ya mwisho kabla ya mlima mkubwa. Ukimpita huyo, na huyo peke yake, lori linapiga honi lenyewe. Odetha alikuwa na kitenge cha njano. Alipoicheza akafika kwenye ile kona, honi ikalia, akainama kwenye cherehani akicheka, na uzi ukakatika.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Namsifu kwa hilo, lilikuwa jambo zuri, na binti alilichukulia moyoni. Ila mtazameni vizuri huyo bwana. Aliweza kuandika barabara nzima ya watu wanaopungiana mikono, na asubuhi akija kazini alipita mbele ya watu hai bila kuinua hata kidole.

Sasa hedifoni. Nehemia alivaa hedifoni kubwa nyeusi, zimefunika masikio yote. Mteja akiingia, hasikii. Jirani akibisha hodi, hasikii. Mimi nilidhani muziki unamsaidia kufikiri, nikamwacha. Siku moja Odetha aliingia kuazima mkasi, akasimama nyuma yake, akaufuata ule waya kwa macho. Ulishuka begani, ukapita kwenye kiti, ukaishia hewani. Haukuwa umechomekwa popote.

"Nehe," akamwita taratibu, "unasikiliza nini?"

Naye akajibu bila kugeuka, "Niache kidogo, nina kazi."

Mmeona? Alisikia. Alikuwa anasikia kila neno.

Huku kwetu binti haposwi kwa picha. Kabla wazee hawajapokea washenga, mmoja wao anatoka kimya kimya, anakwenda anakoishi kijana, anauliza. Haulizi mshahara wala cheo. Anauliza majirani: mnamjua? Mtoto wenu akiugua anakuja? Ana hasira? Anakula na nani? Habari za posa zilipomfikia Mzee Zakaria, akapanda gari kutoka Munanila, akashuka Kasulu na kofia yake na fimbo, akaenda mtaa aliopanga Nehemia. Kijana alikuwa ameishi pale tangu nimwajiri.

Akauliza bombani. Hawamjui. Akauliza dukani. "Nehemia? Hapana, mzee, labda mtaa wa juu." Akauliza kwa mama anayekaanga vitumbua, ambaye hata mbuzi wa mtaa ule anawajua kwa majina. Mama akafikiri. "Yule wa kwenye masikio kama ana sufuria mbili? Kumbe anaitwa Nehemia!" Mwisho akaenda kwa mwenye nyumba mwenyewe, Mama Skola, mjane mkarimu asiyependa kumsema mtu vibaya. Mama Skola akajitahidi. "Hana kelele," akasema. Akatafuta jambo lingine la kumsifia, akalikosa, akarudia, "Kwa kweli hana kelele kabisa."

Mzee akaja ofisini, Odetha akiwa ametoka kununua uzi. Nehemia akasema shikamoo, hedifoni kichwani, macho yakarudi kwenye kioo. Alidhani ni mteja! Aliyeinuka alikuwa Elisha. Akampa kiti, akamletea maji ya kunywa, akamsalimia salamu ya huku, ile yenyewe. Ninyi mnaosema "mambo" na kuondoka hamtanielewa. Unasema mwakeye, unaitikiwa, unauliza nyumbani, unauliza watoto, mifugo, maharage, mvua ya kule mtu alikotoka, mnanyamaza kidogo, halafu mmoja anaanza upya. Wala Elisha hakujua mgeni ni nani. Mzee alipoinuka, Elisha akachukua mfuko wake, akamsindikiza hadi stendi, akangoja naye mpaka gari likajaa. Kisha akarudi, akaketi, akaendelea na mstari alioacha. Kazi haikufa.

Jioni ile Mzee Zakaria alimpigia simu Odetha, naye akanisimulia kesho yake akiwa na macho mekundu.

"Mwana wanje, mwanangu, mimi sikatai mtu," alimwambia. "Nitamkataaje mtu ambaye sijamwona? Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Yule hana jirani. Siku akianguka, nani atatupigia simu?"

"Baba mdogo, ni kazi yao. Kompyuta inataka utulivu."

"Ego, sawa. Na yule mwingine aliyenisindikiza, yeye analima?"

Odetha alimfikishia Nehemia maneno hayo. Nehemia alikuwa na jibu, tena refu. Alisimama mbele yangu akanyoosha mikono: "Mwalimu, mimi nijigawe vipi? Mradi ndio umenimaliza. Hii kazi haina muda! Na kusema sijulikani ni kunionea, gemu yangu inachezwa hadi kambini Nyarugusu, Wakongo wanaijua, Warundi wanaijua!" Kweli, Nyarugusu ilichezwa sana. Lakini Mkongo wa Nyarugusu hawezi kumwambia Mzee Zakaria kama unamjulia hali Mama Skola.

Na kuhusu muda, sikilizeni, kwa maana hapa ndipo mnapodanganywa. Nilifunga ofisi kabla jua halijazama kila siku ya Mungu. Si kwa wema wangu, ni kwa sababu ya umeme. Jumapili hatukugusa kitu. Mashine zilikuwa za mezani, hazibebeki. Akitoka pale, Nehemia alikuwa na jioni nzima mikononi, sawa na ya Elisha, sawa na ya fundi baiskeli na karani wa halmashauri. Elisha alikwenda kwaya, akaenda kuwasalimu wagonjwa, akaenda kubishana mpira. Alikuwa na mchumba, na kwaya nzima inamjua. Nehemia alikwenda kulala chali. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na huyu alikuwa na jua lake lenye kioo na kibodi.

Mzee Zakaria hakuwa mtu wa kukata tamaa na mtoto wa mwenzake. Akamwambia Odetha, "Nitarudi tena mvua zikianza. Namtaka awe na jirani hata mmoja."

Hapo Nehemia akafanya kosa ambalo ni mtu wa kazi yetu tu angelifanya, na ni katika nyanda hizi tu lingemgharimu hivyo. Akalichukua jambo lile kama kasoro ndani ya programu. Kuna nyumba hizi, hazina salamu, kila moja ipewe salamu, kwisha. Jumamosi moja akavaa shati jeupe, akaanza mwanzo wa mtaa. Anabisha, mlango unafunguliwa, anasema: "Habari za hapa. Naitwa Nehemia. Ninaishi kwa Mama Skola. Nimekuja kuwasalimu." Kisha anaondoka! Mwenye nyumba hajafuta mikono, hajasema karibu, kijana yuko mlango wa pili. Maneno yale yale, sauti ile ile, nyumba baada ya nyumba, bila kuketi hata mahali pamoja.

Nilimwambia, "Mwanangu, ingia nyumba moja tu. Kaa. Kunywa chai yao. Nyingine utakwenda wiki ijayo." Akanijibu kwamba kwa njia hiyo itachukua miezi. Nikamwambia ndiyo, ndivyo inavyochukua.

Mwaka huo, 2014, ulikuwa wa uchaguzi wa serikali za mitaa. Sasa fikirieni wenyewe. Mtu ambaye hajawahi kukusalimia, ghafla amevaa shati jeupe, anabisha kila mlango, anataja jina lake na anapoishi, anaondoka. Mtaa mzima ukaelewa mara moja. Jumatatu asubuhi tulikuta watu wametungoja barazani. Mmoja anataka mtaro. Mwingine anauliza atafanya nini kuhusu bomba. Bibi mmoja alikuja na mjukuu wake amtafutie kazi. Mchana mwenyekiti wa mtaa akaingia na wazee wawili, uso umekunjamana, akamuuliza Nehemia kwa nini anaanza kampeni kabla ya wakati na bila kumwona yeye. Elisha alitoka nje akacheka huko, kwa heshima.

Nehemia alijitetea, lakini kadiri alivyosema hagombei ndivyo walivyoamini anagombea. Mzee Zakaria akarudi kama alivyoahidi. Akauliza bombani. "Tunamjua sana!" wakamwambia. "Anataka uenyekiti. Hatumpi, mzee. Hata kukaa hakai."

Alipofika ofisini alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe kicheko kilikuwa kimemlainisha. Akamwita Odetha kutoka kwenye cherehani, akatuambia sote wawili pale barazani: "Kwanza hana mtu, sasa ana kura. Basi tuache majirani. Aje kwangu mwenyewe. Karibuni tunapura maharage. Asilete washenga, asilete maneno. Alete mikono yake. Apige maharage na vijana wangu, ale nao, alale. Nikimwona anakula na watu, binti ni wake."

Jamani. Kuna mtihani mwepesi kuliko huo? Fimbo, turubai, maharage makavu. Unapiga, unacheka, unakula. Odetha alimkumbatia baba yake mdogo mbele ya watu, jambo ambalo si la kawaida huku, kisha akaingia ndani kumpa Nehemia habari. Nehemia akasema vizuri, atakwenda. Nilimsikia kwa masikio yangu. Hata hedifoni alizivua.

Mwaka ulikuwa umegeuka tayari. Juma la maharage lilipofika, umeme wa mji wetu ukaondoka moja kwa moja. Mitambo ilikuwa inatengenezwa, tukaambiwa tuvumilie juma zima. Gemu tuliyoagizwa na shirika moja tulikuwa tumeshaikabidhi, mkononi hatukuwa na kitu. Nikawaambia vijana waende nyumbani wakapumzike. Nikafunga madirisha, nikafunga mlango kwa kufuli kubwa la shaba, nikaweka ufunguo kwenye mkoba wangu, nikaenda Kibondo kumwona dada yangu. Elisha akaenda kumlimia mama yake. Ufunguo mwingine haukuwepo.

Ngojeni niwape jambo la kazi hapa, maana nawajua, mnataka mbinu tu. Programu ikikugomea, usiitumbulie macho. Toka. Makosa yangu mengi niliyaona nikiwa njiani kwenda msibani, au nimebeba kuni za watu, au nimekaa na wanawake tunachambua mchele wa harusi. Kichwa kinafanya kazi yake vizuri mikono ikiwa inafanya kitu na watu. Aliyekaa peke yake na kosa lake hukaa nalo siku nyingi, wakazoeana.

Jumamosi nikarudi kutoka Kibondo. Nilishuka stendi asubuhi, na kwa kuwa njia inapita mbele ya ofisi, nikaenda kumsalimu Odetha na kumtakia safari njema. Nilimkuta ameketi barazani. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Alikuwa amevaa kile kitenge cha njano, mfuko wa nguo umefungwa, kando yake kikapu chenye sukari na sabuni za kupeleka nyumbani. Walikuwa wamekubaliana Nehemia amfuate hapo, waende pamoja kupanda gari la Munanila. Alikuwa na simu mkononi, anaitazama.

"Mwalimu," akasema, "nisomee hii. Labda mimi sijaisoma vizuri."

Nikavaa miwani. Nehemia alikuwa ameandika: "Samahani mpenzi. Kazi imenibana sana hapa ofisini, sitaweza kusafiri. Waombe wazee wanielewe, hii ndiyo hali ya kazi yetu."

Nikausoma ujumbe kwa sauti, kwa sababu aliniomba niusome. Odetha akainua macho kuutazama mlango wetu. Kufuli lilikuwa pale pale nilipoliacha, juu yake buibui ameshaanza kutanda. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwalimu, umemfungia humo ndani?"

Nimefundisha miaka mingi na nimeulizwa maswali mengi, lakini lile liliniuma. Nikafungua mkoba, nikamwonyesha ufunguo. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Humo hamna mtu."

Hakulia. Alijifunga kitenge vizuri, akachukua kikapu, mimi nikachukua mfuko, nikamsindikiza stendi. Alikwenda kupura maharage peke yake, na alipofika Mzee Zakaria akampokea kikapu, akampa fimbo ya kupuria.

Mnauliza Nehemia alikuwa wapi. Hata mimi niliuliza, jioni ile ile, nikaenda kwa Mama Skola. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mama yule alikuwa na neno la kusema juu ya mpangaji wake. Alisema siku hiyo kijana alikuwepo ndani, amelala kitandani, mlango umefungwa, na ukuta baina yao ni mwembamba. Alikuwa anacheza gemu kwenye simu, ile ya lori. Mama Skola alisema mara hii alikuwa na kelele kidogo, honi ililia asubuhi nzima.